Someni mfuko kwanza, bomba la dawa baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie vile vifuko vya vijiti vinavyoning'inia kwenye mipera, miembe, migunga na nyua za michongoma hapa Mwanza, kuanzia Capri Point hadi Luchelele, na ng'ambo ya ziwa kule Sengerema. Vikionekana vingi, maneno huwa mawili. Wapo wanaosema ni viwavijeshi wamehamia mitini, na wapo wanaosema ni mkono wa mtu. Wa kwanza huishia duka la pembejeo. Wa pili huishia kuukata mti. Dawa inapulizwa, vifuko vinabaki palepale, mwenye mti anaongeza kipimo, na mvua ya jioni inayateremsha yote ziwani.

Hoja yetu ni moja: mfuko wenyewe unaeleza kilichomo, umri wake, na kama kuna haja ya kufanya lolote. Mtu akijifunza kuusoma, mara nyingi hatahitaji dawa, na akihitaji atajua ni wiki gani ya kuitumia.

Ndani ya kila kifuko kuna kiwavi wa nondo, au aliwahi kuwamo. Jamii yake wanasayansi huiita Psychidae. Ina aina zaidi ya 1,000 duniani, na mifuko yao huanzia ile isiyofika sentimeta 1 hadi ile ya sentimeta 15. Kiwavi hutoa uzi wa hariri kwenye tundu dogo chini ya mdomo, anafuma nao mfuko, kisha anapachika juu yake alichokikuta karibu: vijiti, miiba, vipande vya majani, nyasi, chembe za mchanga. Hautoki mfuko huo mpaka amalize ukiwavi wake. Anapokula au kutembea hutoa kichwa na jozi 3 za miguu ya mbele tu, nyumba akiiburuta. Akiguswa anajivuta ndani na kuubana mdomo wa mfuko. Miguu yake laini ya nyuma ina ndoana ndogo zinazoshika hariri ya ndani. Ukijaribu kumvuta kwa nguvu atakatika kabla hajaachia.

Shika mfuko mmoja mkononi. Kwanza tafuta juu na chini yake. Mwisho uliofungwa kwenye tawi kwa utepe wa hariri, au ule ambao kiwavi hutolea kichwa, ndio mdomo. Mwisho wa pili, unaoning'inia, ni mwembamba zaidi na una tundu laini linalojifumba. Huko ndiko anakosukumia kinyesi, vipunje vikavu vyeusi au vya kahawia. Kiwavi huongeza nyumba yake upande wa mdomo. Kwa hiyo vipande vilivyo karibu na ncha ya chini ni vya utotoni, vidogo na vilivyopauka, na vya mdomoni ni vipya na vikubwa. Ukikuta kipande cha jani kibichi kimepachikwa mdomoni, kiwavi yuko hai na anakula wiki hii. Ukikuta vyote vimepauka sawasawa na hakuna kinyesi kipya kwenye majani ya chini yake, basi ama amekuwa pupa (hatua ya kutulia na kujibadilisha kuwa nondo), ama amekufa, ama amekwisha kuondoka.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Hariri ya nondo hawa ni ngumu, haiozi upesi. Mfuko mtupu unaweza kuning'inia miezi mingi, hata kuvuka mwaka. Mtu anahesabu vifuko 200 kwenye mpera wake na kuingiwa hofu, kumbe 170 ni mahame. Kabla ya kufanya lolote, chuma vifuko 20 pande tofauti za mti, juu na chini, ndani na nje ya kivuli, uvipasue vyote. Usiving'oe kwa mkono, kwa sababu utepe wa hariri hubanduka na gome. Ukate kwa wembe. Kisha pasua mfuko kwa urefu kwa mkasi mwembamba wenye ncha butu, ukianzia ncha ya chini. Wembe ukizama mno unamkata kiwavi katikati na hutajua alikuwa katika hali gani.

Ukipasua, angalia kichwa kinaelekea wapi. Kiwavi anayeendelea kula amelala kichwa kikiwa upande wa mdomo, juu. Anapokaribia kuwa pupa hufunga mdomo moja kwa moja, anajigeuza ndani ya mfuko, kichwa kinaelekea chini. Ukikuta wengi wamegeuka, msimu wa kula umekwisha. Kupulizia dawa siku hiyo ni kuosha majani tu. Pupa wa dume ni mwembamba, na juu ya ganda lake utaona alama za mabawa na vipapasio. Pupa wa jike ni mnene, laini, wa kahawia, bila alama hiyo ya mabawa. Ganda la kahawia likiwa limejaa vimayai vya manjano hafifu ndani ya manyoya laini, hayo ni mayai, na huo ndio mfuko wa kuogopwa kuliko yote ingawa hakuna kinachotikisika ndani yake. Ukikuta vidonge vya kahawia vyenye umbo la yai, vigumu, pembeni ya kiwavi aliyenyauka, hao ni nzi vimelea wamemaliza kazi. Vifukofuko vyeupe vidogo vingi vilivyobanana ni vya nyigu vimelea. Na tundu dogo la mviringo kamili ubavuni mwa mfuko, kana kwamba limetobolewa kwa sindano, ni mlango waliotokea nyigu hao. Tundu kubwa lenye kingo zilizochanika ni la ndege.

Andika matokeo ya vifuko vyote 20 kwenye karatasi. Walio hai wakiwa 3 au 4 na vimelea wako 5, uache mti wako. Wanaoudhibiti wamekwisha fika kabla yako.

Sasa mzunguko wa maisha, maana bila huo wembe na mkasi havisaidii. Tuanze kwa jike, kwa kuwa ndiye anayewachanganya watu. Katika aina nyingi zenye mifuko mikubwa, jike hana mabawa. Hana miguu ya maana, macho na vipapasio vimebaki alama tu au havipo kabisa. Akitoka kwenye upupa habadiliki kuwa nondo mtu anayemjua. Anabaki kitu laini cha rangi ya maziwa, tumbo tupu lililojaa mayai, na mara nyingi hatoki hata kwenye ganda lake la pupa. Ndiyo sababu mtu anaweza kufuga vifuko hivi ndani ya chupa, akangoja nondo, asione kitu, akadhani vimekufa.

Dume ana mabawa. Siku ya kutoka, ganda lake la pupa hujisukuma nusu nje ya ncha ya chini ya mfuko, linapasuka, naye anaruka. Ganda hilo hubaki limechomoza. Ukiona mfuko wenye ganda la kahawia limetokeza chini, jua lilikuwa dume, limekwenda, na mfuko huo hauna madhara tena. Dume hana mrija wa kunyonyea, kwa hiyo hali chochote. Huishi siku chache tu, na kazi yake ni kufuata harufu. Jike hutoa feromoni akiwa ndani ya mfuko, dume anaifuata hadi kwenye ncha ya chini, anatua juu yake, na kuingiza tumbo lake linaloweza kurefuka kupita urefu wake wa kawaida mpaka limfikie jike ndani. Zipo pia aina chache katika jamii hii ambazo jike hamhitaji dume kabisa. Hutaga na mayai yakaanguliwa.

Jike hutaga mayai ndani ya ganda lake mwenyewe, akiyachanganya na manyoya ya tumboni. Idadi yake ni mamia, na kwa aina kubwa hupita 1,000. Kadiri anavyotaga ananywea. Mwishowe anafia humo au anadondoka kupitia tundu la chini akiwa amebaki ngozi. Mtu akimkuta chini ya mti atafikiri ni funza.

Vitoto vikianguliwa hutoka kwa tundu lilelile la chini. Kila kimoja ni cha milimeta 1 hivi au 2. Hushuka kwa uzi, na upepo ukishika uzi huo unakipeperusha. Vingi havifiki mbali, huangukia tawi la jirani au mti wa pili. Ndiyo maana utaona mti mmoja umejaa na wa mita 30 kutoka hapo ni safi. Vichache huenda mbali zaidi. Kwenye ukanda wetu upepo wa mchana hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo mwenye nyumba mlimani Isamilo au Bugando aanze kukagua miti ya upande wa ziwa. Kabla ya kula vizuri, kitoto hujenga mfuko wake wa kwanza kwa vumbi la gome, unyoya wa jani au mabaki ya mfuko wa mama, na hubeba kimfuko hicho kimesimama wima juu ya mgongo, ncha ikielekea angani. Kwa umbali wa mita moja unaona vidoa vyeusi vinavyotembea juu ya jani. Hula uso wa jani tu na kuacha madirisha membamba yanayopitisha mwanga. Akikua, mfuko unazidi uzito na kuanza kuning'inia, na hapo anakula jani lote hadi kwenye mshipa.

Kila anapojivua ngozi hufunga mdomo wa mfuko kwenye tawi kwa utepe wa hariri, anapumzika siku chache bila kula, kisha anakata utepe na kuhama. Mtu asiyejua hudhani wamekufa siku hizo. Utepe alioacha nao una ubaya wake: ukizunguka kijitawi chote, kijitawi kinaponenepa hujikaba na kukauka juu ya utepe. Ukiona ncha za matawi zimekauka bila kuliwa, chunguza kama hakuna pete nyembamba ya hariri iliyofifia hapo chini.

Kuhusu kalenda. Katika nchi za baridi, aina nyingi huwa na kizazi kimoja kwa mwaka na mayai hulala majira ya baridi. Mwanza iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kimo cha mita zaidi ya 1,100, na hatuna baridi ya kuwasimamisha. Kwenye mti mmoja unaweza kukuta vimfuko vya milimeta 5 na mifuko ya sentimeta 4 kwa pamoja. Anayekwambia pulizia mwezi fulani bila kukuuliza umepasua vifuko vingapi, anakisia. Pasua kila baada ya wiki 2 tangu mvua za vuli zinapoanza, majani mapya yanapochipua.

Kutambua aina ni kazi ngumu kuliko kutambua jamii, na hapa tuwe wakweli kwa wasomaji: mfuko peke yake unakufikisha kwenye kundi, si kwenye jina. Vijiti vilivyopangwa sambamba kwa urefu, mara nyingi kimoja au viwili vikizidi vingine, ni mtindo wa viwavi wa jenasi Eumeta, ambamo Eumeta cervina anajulikana sehemu nyingi za Afrika kwa kula miti ya aina nyingi bila kuchagua. Lakini kiwavi hupachika alichokipata. Wa aina moja akikulia kwenye mgunga atavaa miiba, na akikulia kwenye mpera atavaa vijiti. Jina hutoka kwa dume: mabawa yake, jinsi mishipa ya bawa inavyogawanyika, vipapasio vyenye matawi pande mbili, na mwishowe viungo vya uzazi chini ya hadubini.

Picha ya simu ya mfuko ukutani haitoshi, na hapo kuna mchanganyiko wa kila siku. Yule wa ukutani ndani ya nyumba, mwenye mfuko wa kijivu, bapa, uliochongoka pande zote mbili mithili ya mbegu ya boga, si wa jamii hii. Ni wa jamii ya nondo wa nguo, Tineidae. Mfuko wake una milango miwili iliyo sawa, naye hugeuka ndani na kutokea upande wowote anaoutaka. Anakula utando wa buibui, nywele na sufu zilizojikusanya nyuma ya kabati. Hapandi mpera, na wa mpera haingii kabatini. Fagia, ondoa utando wa buibui, yamekwisha.

Mchanganyiko wa pili ni kifuko cha mayai ya vunjajungu, ambacho ni povu lililokauka, hakina vijiti juu yake na kimegandishwa moja kwa moja kwenye tawi au ukuta. Wa tatu uko majini. Ukigeuza mawe kwenye kijito kinachoshuka ziwani utakuta virija vya mchanga au vijiti vyenye kiwavi ndani. Hao ni wa oda ya Trichoptera, ndugu wa karibu wa nondo na vipepeo, ila mirija yao ni ya chini ya maji na wakikomaa huwa wadudu wenye mabawa ya manyoya. Kuwakuta wengi ni habari njema: aina nyingi za hawa haziwezi kuishi kwenye maji machafu.

Tukiwa bado kwenye mawe: jamii ya Psychidae ina wadogo sana ambao mifuko yao haifiki sentimeta 1, iliyovikwa mchanga na vumbi la ukoga. Wao hula ukoga wa kijivu na kijani unaoshika magome na mawe, hawagusi jani la mpera wa mtu. Mji wetu umejaa mawe, kwa hiyo anayetaka kuanza kujifunza aanze hapo, asubuhi mapema jiwe likiwa bado na unyevu, akiwa na kioo cha kukuzia mara 10. Amulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kwa mbele. Kivuli ndicho kinachomwonyesha mfuko unaofanana rangi na jiwe. Hawa wadogo hawana sababu yoyote ya kuuawa.

Sasa dawa. Mfuko wa kiwavi aliyekomaa ni hariri ya tabaka nyingi iliyofunikwa vijiti. Dawa ya kugusa haipenyi vya kutosha, na kiwavi akisikia jani lina ladha ya ajabu hufunga mdomo na kungoja. Viuatilifu vya kundi la pairethroidi, kama sipamethrini na lamda-sihalothrini, ambavyo ndivyo vimejaa madukani kwa ajili ya pamba na mahindi, huua samaki na wadudu wa majini kwa kiasi kidogo sana. Pia huua nyuki, na huua nyigu na nzi vimelea, ambao wao hawana mfuko wa kujificha. Matokeo yake hujulikana kwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa tangu zamani: mdudu anarudi, adui zake hawarudi upesi. Kupulizia mpera ulio mita 20 kutoka mwaloni ni kuwapelekea dagaa na sato sumu kwa ajili ya mdudu ambaye dawa haikumfikia.

Dawa ikibidi, ni wakati wa vitoto tu, vimfuko vikiwa chini ya sentimeta 1 na vikila uso wa jani. Hapo bakteria Bacillus thuringiensis hufanya kazi vizuri. Ni lazima imezwe pamoja na jani, kwa hiyo pulizia pande zote mbili za majani, jioni, maana jua huiharibu, na siku isiyo na dalili ya mvua. Kiwavi huacha kula kwanza, kisha hufa baada ya siku kadhaa. Asiyejua hurudia kupulizia kesho yake na kupoteza pesa. Ikipulizwa kwa walio wakubwa husaidia kidogo au haisaidii kabisa. Soma lebo, fuata kipimo chake, na hakikisha bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA.

Kwa mti wa nyumbani, mkasi unashinda. Kata vifuko vyenye mayai na viwavi, ukianza na vile visivyo na ganda lililochomoza chini, maana humo ndimo majike walimo. Jike mmoja akibeba mayai 500, mifuko 20 ya majike ni viwavi 10,000 ambao hawatazaliwa juu ya mti wako. Kosa la kawaida ni kuvidondosha chini au kuvitupa kwenye shimo la taka la wazi. Mayai hayahitaji mama wala jani. Yataanguliwa humo shimoni, na vitoto vitapanda mti wa kwanza vitakaoukuta. Vitumbukize kwenye ndoo ya maji yenye sabuni ya unga, vizame kwa kuwekewa jiwe juu, vilale humo hadi kesho. Hariri hubeba hewa, na kifuko kinachoelea hakijafa.

Anayetaka kuwahifadhi nyigu vimelea ana njia nyingine. Weka tofali katikati ya beseni pana, mimina maji yenye sabuni kulizunguka, weka vifuko juu ya tofali, na beseni likae ndani ya banda lisilopitisha upepo, mbali na miti. Nyigu wataruka waende zao. Vitoto vya nondo vitashuka na kuishia majini. Pakiwa na upepo njia hii haifai, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Baada ya miezi 2 maliza vilivyobaki kwa ndoo.

Miti haifanani katika kustahimili. Mwembe, mpera au mgunga ulioliwa majani yote huchipua tena ukipata mvua. Misonobari na miseda ikiliwa sindano zote tawi linaweza kufa moja kwa moja, na hapo kuchelewa kuna gharama. Wenye miti ya aina hiyo, pamoja na wasimamizi wa mashamba ya miti kama Rubya kule Ukerewe na Buhindi, wana sababu ya kukagua mara nyingi kuliko mwenye mwembe. Afrika Kusini kuna funzo la wazi: kiwavi wa mfuko Kotochalia junodi, aliyekuwa akiishi kwenye migunga ya asili, alihamia kwenye miwati iliyoletwa kutoka Australia na akawa mdudu mharibifu mkubwa wa mashamba hayo. Mti wa aina moja kwa maelfu ya ekari ni chakula kisichokwisha.

Kwa walimu wa baiolojia na vijana wanaotaka kupata jina kamili la nondo wao: fugeni madume. Kata kijitawi chenye mifuko 10 hivi ambayo imefungwa kabisa mdomoni, iwe na majani, ukisimamishe kwenye chupa ya maji, ziba shingo ya chupa kwa pamba ili viwavi wasizame, funika kwa chandarua chenye matundu madogo. Usiweke kwenye chombo kilichozibwa kwa kifuniko cha plastiki. Unyevu huleta ukungu na pupa wote hufa. Kagua alfajiri na jioni. Dume akitoka usimwache arukeruke ndani ya chandarua. Magamba ya mabawa yake hupukutika upesi, na kwa saa chache hubaki na mabawa ya kuonesha upande wa pili, yasiyofaa kulinganishwa na kitu. Mweke kwenye kopo dogo ndani ya friza usiku mzima, kisha mchome kwa pini nyembamba ya wadudu katikati ya kifua, si kwa sindano ya kushonea, ambayo hushika kutu. Mfuko wake uchomwe kwenye pini ya pili kando yake, na ganda lake la pupa lisitupwe. Viwavi na majike huhifadhiwa kwenye spiriti ya hospitali ya asilimia 70.

Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Iwe na nchi, mkoa, mahali, majira ya nukta (latitudo na longitudo) kutoka kwenye simu, kimo, tarehe ya kuchuma, tarehe ya kutoka nondo, jina la mti alioula, na jina la mchumaji. Nondo asiye na mahali na tarehe hana faida kwa mtafiti, hata awe mzuri namna gani. Sampuli za mimea ya mazao zinaweza kuonyeshwa kwa afisa ugani wa kata, au kupelekwa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Ukiriguru, Misungwi.

Ndani ya Hifadhi za Taifa za Kisiwa cha Saanane na Kisiwa cha Rubondo, piga picha tu. Kuchuma mdudu humo bila kibali ni kosa, hata kama ni mfuko mtupu uliodondoka njiani, na vibali vya utafiti hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti linapochapa picha ya wadudu wa miti iliyotumwa na wasomaji, waombwe watume picha 3: mfuko mzima ukiwa na rula pembeni, ncha ya chini kwa karibu, na mfuko uliopasuliwa. Chini yake pawe na jina la mti, kata, na tarehe. Tuko tayari kuwajibu wasomaji hao kupitia ukurasa huuhuu.

Wasomaji wako,
Nyegezi, Mwanza